TAHADHARI: "Bakteria rafiki" wa kwenye pikapu, wakulima wa viazi msinunue

Ndugu wakulima wa Isyonje, Umalila, Kikondo na wenzetu wa Makete na Njombe, habari za kazi. Kuna jamaa anazunguka minadani na pikapu nyeupe yenye spika juu, anauza chupa za lita moja kwa shilingi 25,000. Anadai ndani kuna bakteria rafiki wanaotibu bakajani chelewa, ule ugonjwa wa kuozesha majani ya viazi, kwa siku tatu. Msinunue. Mimi nimepigwa laki moja, chupa nne, na viazi vyangu sasa majani ni meusi kama yamemwagiwa maji ya moto.

Alivyotukamata ni hivi. Alimimina dawa kidogo kwenye glasi, akaongeza maji kutoka kwenye kidumu chake, povu likafumka mpaka likamwagika mezani. "Mnaona? Hao wanapumua!" Watu wazima tukapiga makofi. Juzi nimechanganya magadi soda na ndimu jikoni, likatoka povu lilelile. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.

Halafu lebo. Niliigusa na kidole kibichi, wino ukatoka. Nikazidi kusugua, nikakuta chini yake lebo nyingine, ya busta ya majani, yaani mbolea ya kupuliza. Namba ya usajili hakuna, tarehe ya kuisha muda hakuna. Siku ile niliuliza tarehe, akanijibu, "Mzee, kiumbe hai hana ekspaya." Na katoni zake zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi!

Sasa msije mkasema bakteria wa kulinda mazao ni uongo. Wapo, na dawa zao halali zipo. Anayejulikana zaidi ni Bacillus subtilis. Anawahi kukaa kwenye mizizi na juu ya jani, anakula chakula na kushika nafasi ambayo ukungu ungeishika, tena anatoa kemikali zinazoharibu utando wa seli za ukungu. Lakini hiyo ni kinga. Unapuliza kabla ugonjwa haujaingia, unarudia, na jani likishaoza hakuna bakteria wa kulifufua. Hapo ndipo ningepaswa kumshtukia, maana shamba langu lilikuwa limeshaanza madoa, naye akaniambia "ndiyo wakati wake."

Tena bakajani chelewa inaletwa na Phytophthora infestans, ambaye kisayansi wala si ukungu halisi, ingawa wote tunamwita hivyo. Kwa baridi na mvua zetu hizi anamaliza shamba kwa siku chache. Kutegemea bakteria peke yao wakati kama huo ni kujitakia hasara. Ningenunua mankozebu, dawa ya kukinga ukungu, mapema nikapuliza kabla ya madoa, leo nisingekuwa naandika haya.

Dawa halali ya aina hii huandikwa jina la bakteria, idadi yao kwa gramu au mililita, tarehe, na namba ya usajili ya TPHPA, ile mamlaka ya viuatilifu iliyokuja na sheria ya mwaka 2020. Duka la kueleweka haliziweki juani.

Simu yake haipatikani tena. Chupa mbili nimempelekea ofisa ugani, mbili ninazo. Kama na wewe ulinunua, usiitupe chupa wala usibandue lebo, ipeleke ilivyo. Nasikia wiki hii kaonekana njia ya Makambako.