Nimejenga fremu ya baiskeli ya kaboni bandani kwangu, uzoefu wangu na seti ya mabomba

Kitu cha kwanza nilichojenga na hii seti nilikikata katikati kwa msumeno, na ndo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayefikiria kuinunua. Nilichukua vipande viwili vya bomba vilivyobaki, nikaviunganisha kwa epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili, resini na kikaushio chake kinachoitwa hadina), nikazungushia kitambaa cha kaboni tabaka kama nane hivi, nikaacha siku mbili. Kwa nje kilikuwa kinang'aa, ungesema kimetoka kiwandani. Ndani sasa! Matundu ya hewa kila mahali, na kati ya tabaka la tatu na la nne kuna ufa ambao kucha inaingia. Na kiungo kama hicho ndo kingekuja kubeba usukani wangu kwenye mteremko.

Hamu ya kaboni nilikuwa nayo siku nyingi, tangu nione picha za ile Lotus ambayo mwendesha baiskeli Mwingereza Chris Boardman alishindia dhahabu kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992, baiskeli ambayo fremu yake haina mabomba ya kawaida, ni umbo moja tu. Ile inataka moldi (kalibu) kubwa na vifaa ambavyo banda langu halina, ndo maana nikaangukia njia ya mabomba: unanunua mabomba ya kaboni tayari, unayakata, unayashikanisha, halafu viungo unavifunga mwenyewe kwa kitambaa na epoksi.

Mabomba nawapa alama zote. Yamenyooka, unene uko sawa mwanzo hadi mwisho, na ukikata hayachani nyuzi ukitumia bledi yenye meno madogo na ukizungushia solotepu pale unapokata. Kazi iko kwenye kukata mdomo wa bomba uwe na upinde wa kukumbatia bomba lingine. Nilichora kwenye karatasi, nikazungushia, nikakata kwa kubakiza milimita moja hivi, halafu nikasugua kwa msasa uliofungwa kwenye bomba la unene uleule mpaka mwanga ukawa haupiti. Kila mdomo mmoja jioni nzima, usiharakishe hapo, epoksi haizibi uvivu wa kupima.

Sasa epoksi. Uwiano ni resini 100 kwa hadina 30 kwa uzito, lakini vikombe walivyoweka kwenye seti vina mistari ya ujazo, na uzito na ujazo si kitu kimoja maana hadina ni nyepesi kuliko resini, kwa hiyo ukifuata mistari unakosea uwiano na kiungo kinabaki laini milele. Tafuta mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Halafu usichanganye nyingi kwa mara moja, mimi mara ya pili nilijaza kikombe kirefu na ndani ya dakika chache kikawa cha moto hakishikiki, resini yote ikaganda humohumo, kwa sababu epoksi ikianza kukaza inatoa joto na joto likikosa pa kutokea linaiharakisha zaidi. Baada ya hapo nikawa nachanganya gramu 60 tu kwenye sahani bapa na sijapoteza tena.

Yale matundu ya hewa niliyamaliza kwa mgandamizo. Ukishafunga kaboni unaweka kile kitambaa cha nailoni kisichoshika epoksi, juu yake unazungushia tepu ya umeme upande wa gundi ukiwa nje, unaivuta kwelikweli, halafu unaitoboa kwa sindano vitobo vingi ili resini iliyozidi na hewa vitoke. Kiungo cha tano cha majaribio nilipokikata kilikuwa kizito kama jiwe, cheusi tii, hakuna tundu. Hapo ndo nikagusa fremu yenyewe.

Kuna jambo moja limeniudhi kwa kweli. Kijitabu cha maelekezo hakisemi neno hata moja kuhusu alumini kugusana na kaboni. Ile silinda ya pedeli (inayokaa chini ya fremu na kubeba ekseli ya pedeli) na vishikio vya gurudumu la nyuma ni alumini, na kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo jasho na mvua vikiingia katikati alumini inaanza kuliwa polepole, inatoa unga mweupe na gundi inaachia. Dawa yake ni tabaka jembamba la fibaglasi (kitambaa cha nyuzi za kioo, hakipitishi umeme) katikati, kitu kidogo kabisa! Mtu asiyejua atakuja kugundua barabarani. Niliwaandikia wauzaji wakanijibu vizuri, ila kijitabu bado ni kilekile. Angalia pia silinda isiwekwe kinyumenyume, kama nyuzi zake za skrubu ni za Kiingereza upande wa mnyororo unafungwa kwa kuzungusha kushoto.

Kitambaa hakikutosha, kiliniishia kwenye viungo vya nyuma.

Usalama sio wa kuongelea tu. Vumbi la kaboni linawasha ngozi na halifai mapafuni, sugua kwa msasa wa maji na uvae barakoa ya chujio, sio ya kitambaa. Na glavu za nitrili muda wote, maana epoksi ikikuletea aleji inaweza kukaa nawe maisha yote.

Mwisho niliipasha moto kwenye boksi la mbao kwa nyuzi joto 60 kwa muda wa saa nane, nikipandisha taratibu, kwa kuwa epoksi iliyokaukia baridi inaweza kulainika ukiacha baiskeli nyeusi juani. Nikapima unyoofu kwa uzi kutoka kishikio cha nyuma, kuzunguka mbele, kurudi kishikio cha pili: tofauti kushoto na kulia ilikuwa chini ya milimita moja. Nilikaa chini kabisa, nikaiangalia tu. Uma, ule unaoshika gurudumu la mbele, sikujenga, nilinunua uliopimwa kiwandani, na nashauri kila mtu afanye hivyo kwa sababu ukivunjika huna nafasi ya pili.

Fremu ni kilo 1.6 na nimeiendesha kilomita 1,100 hivi, kila Jumapili nagonga viungo vyote kwa sarafu nikisikiliza kama kuna mahali sauti inakuwa butu. Mpaka leo vyote vinalia kavu. Seti ya pili nimeshaagiza, ya mdogo wangu ambaye miguu yake haijawahi kupata fremu ya saizi yake, na safari hii kitambaa cha ziada na fibaglasi vimetangulia kufika.