Chati ya makundi ya viumbe hai: picha safi, uyoga pasipo pake

Chati hii ya ukutani niliinunua kwa shilingi 8,000 katika duka moja la vifaa vya shule hapa Mwanga, Kigoma, kwa ajili ya kijana wangu aliyeanza kidato cha kwanza. Karatasi yake ni nzito, imefunikwa kwa plastiki, na maandishi yanasomeka hata mtu akiwa upande wa pili wa sebule.

Mpangilio ni ule wa himaya tano, yaani makundi makuu matano ya viumbe hai, uliopendekezwa na mwanaekolojia Robert Whittaker mwaka 1969: Monera, Protista, Kuvu, Mimea na Wanyama. Kilichonifurahisha zaidi ni sehemu ya wanyama, ambayo inamchukua sokwe, jirani yetu wa Gombe, na kumshusha ngazi kwa ngazi kutoka himaya hadi faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Kando yake wamechorwa mgebuka na dagaa, nami nikapata nafasi ya kumweleza kijana kwa nini wanabiolojia hawategemei majina ya sokoni: dagaa wa Ziwa Tanganyika, yaani Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, wamo katika oda moja na sardini wa baharini, ilhali dagaa wa Mwanza, Rastrineobola argentea, yumo katika oda ya ningu, ingawa wote huanikwa juani na kuitwa jina lilelile.

Kasoro ipo kwenye mimea, ambako uyoga umewekwa katikati ya mgomba na mchikichi. Uyoga hauna klorofili, haujitengenezei chakula, na kuta za seli zake zimejengwa kwa kitini, dutu iliyomo pia katika gamba la kaa, wala si kwa selulosi kama za mimea. La kushangaza ni kwamba kisanduku cha Kuvu, ambako ndiko kwao uyoga, kipo, ila kina hamira na ukungu wa mkate tu. Chati pia haigusi mgawanyo wa domeini tatu, makundi yaliyo juu ya himaya, ulioletwa na mwanabiolojia Carl Woese na wenzake mwaka 1990, uliozitenganisha akea, vijiumbe vya seli moja visivyo na kiini, na bakteria. Hilo nimelisamehe, kwa kuwa daftari la kijana nalo lina himaya tano.

Niliporudi dukani, muuzaji alikiri kwa upole kwamba mzigo wote umechapwa hivyo, akanirudishia shilingi 2,000. Tumebandika karatasi nyeupe juu ya uyoga ule, na kijana ameuchora upya karibu na hamira. Kwa 6,000 ningeinunua tena. Kwa 8,000, hapana.