Unguja na vijana watatu: uliza kwanza maji yanakupwa saa ngapi

Tumerudi Dodoma juzi na nguo zenye chumvi bado ziko kwenye kamba. Naandika mapema kwa sababu kabla ya kwenda nilitafuta sana maelezo ya mzazi aliyekwenda Zanzibar na watoto wakubwa, nikakosa. Niliyoyapata yalikuwa ya fungate, au ya familia zenye watoto wadogo wanaoridhika na ndoo na mchanga. Mimi nilikuwa na kijana wangu wa kidato cha tatu, binti yangu wa kidato cha kwanza na mpwa wangu wa miaka 15. Baba yao alibanwa na kazi. Siku nne, likizo ya Juni.

Kwenda haikuwa shida. Treni ya SGR hadi Dar, tukalala kwa dada yangu, asubuhi boti ya mwendo wa kama saa mbili. Ila Juni ni msimu wa upepo wa kusi, na mkondo wa bahari wakati wa kusi una nguvu zake. Mpwa wangu alikaa mbele apate kuona vizuri, akatapika kuanzia katikati ya safari hadi tunafunga gati. Kaeni nyuma, mezeni dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, na msile chakula kizito. Bebeni vitambulisho, vya watoto pia, kwani kila mahali kuna bei ya mwenyeji kwa shilingi na bei ya mgeni kwa dola, na tofauti yake ni kubwa.

Nilikuwa nimenunua kifurushi cha siku mbili kwa kampuni moja ya utalii: gari, kiongozi, chakula cha mchana. Gari lilikuwa safi na dereva muungwana sana. Tatizo langu na kampuni ile ni ratiba, nayo ndiyo niliyoilipia.

Siku ya kwanza tulifikishwa Paje, pwani ya mashariki, saa nne asubuhi. Vijana walishavaa nguo za kuogelea tangu hotelini. Tukashuka, tukapita katikati ya minazi, tukasimama. Mbele yetu mchanga mweupe, halafu madimbwi, halafu majani, na mbali kabisa kwenye mwamba mstari mwembamba wa povu. Kijana wangu akaniuliza, "Mama, bahari iko wapi?"

Bahari ilikuwa imekupwa. Watu wa bara wengi hatulijui hili, ndiyo maana nalisema kwa urefu. Pwani ya mashariki ya Unguja ina kina kifupi hadi kwenye mwamba, na maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama huwa ni bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti yake inafika kama mita nne. Siku za bamvua kupwa kwenyewe huangukia saa nne, saa tano asubuhi, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ulikuwa mpevu usiku wa jana yake. Kampuni inayopeleka watu Paje mwaka mzima inayajua haya, lakini ratiba yao ni moja kwa kila mgeni: Paje saa nne, kuondoka saa tano na nusu.

Kilichotuokoa ni akina mama wanaolima mwani, yale majani ya baharini. Bamvua ndiyo siku zao, maana maji yakitoka ndipo mashamba yanafikika. Binti yangu alianza kutembea kuwafuata, nami nyuma yake, tukikwepa vile viumbe vyeusi vyenye miiba. Bibi mmoja alikuwa amekaa ndani ya maji ya kiunoni, kanga imelowa mpaka kifuani, mbele yake kamba ndefu iliyofungwa kwenye vijiti viwili. Binti akaamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Njoo, kaa hapa." Akampa kipande cha mwani wa kijani na kikamba chembamba, akamwonyesha namna ya kukifunga. Binti akafunga kwa nguvu zote. Bibi akamshika vidole, akalegeza fundo. "Usikaze, utaukata. Uache upate kupumua, wiki sita uje uuvune." Alifunga vipande kama ishirini. Mtoto ambaye tangu Dodoma alikuwa hatoi macho kwenye simu alikaa ndani ya maji chini ya jua akifunga mwani, akiuliza unakwenda wapi, nani anaununua, kwa nini bei inashuka. Akaambiwa unakaushwa, unauzwa nje, unaingia hata kwenye dawa ya meno. Kilimo hiki kilianza huku mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Yule bibi ndiye aliyetufundisha habari ya bamvua. Kiongozi alikuwa garini.

Kurudi tulipitia msitu wa Jozani, na hapo sina lawama yoyote. Kima punju hawapatikani popote duniani isipokuwa visiwa hivi, na hawana habari na watu. Mmoja alikaa hatua mbili kutoka kwa mpwa wangu akila majani, na mkono wake hauna kidole gumba cha maana. Mlinzi wa hifadhi alitueleza kwamba wanakula hata mkaa ili kupunguza sumu ya majani wanayokula. Matuta yaliyo barabarani pale yamewekwa kwa ajili yao, maana magari yalikuwa yakiwagonga.

Siku ya pili tulipelekwa Kizimkazi kuona pomboo, na hili sitalilipia tena. Pomboo walikuwa wanne au watano. Boti nilihesabu kumi na moja. Kila wakiibuka, injini zinaunguruma, boti zinawakata mbele, watu wanaambiwa "ruka, ruka!" Wanazama, wanaibuka kwingine, mbio zinaanza upya. Binti yangu alivua miwani ya kuogelea akasema haingii. Kaka yake naye akakataa. Nilimwomba nahodha azime injini tukae mbali, akasema wageni wengine ndani ya boti wamelipa. Ukitaka kwenda, kubaliana na nahodha kabla hujapanda kwamba hamtafukuza, na ukodi boti peke yenu ikiwezekana. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 1107, hatukupelekwa, ingawa ulikuwa karibu.

Baada ya hapo nikapanga mwenyewe. Siku ya tatu nilichukua kiongozi wa kutembea mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, kijana wa mtaa wa Malindi pale mjini, na huyu nampa alama zote. Alianza kwa kuwauliza vijana wanataka nini. Akawapitisha mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe, alikoishi mwanamuziki Freddie Mercury utotoni, akawalisha urojo, akawaonyesha Beit-el-Ajaib ya Sultani Barghash, iliyojengwa 1883 na kuporomoka sehemu Desemba 2020. Binti alikuwa na kanga begani. Mjini jistirini, na waambieni vijana mapema ili wasione wanaaibishwa njiani.

Tulipofika Mkunazini kiongozi hakuzungumza sana. Kanisa la Kianglikana la hapo limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873, na mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru kuonyesha uliposimama mti wa kuchapia watu. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, minyororo shingoni. Vijana wangu watatu walisimama ukingoni na hakuna aliyetoa simu. Tulipotoka mpwa wangu aliuliza kama Wagogo nao walipitishwa hapa. Nikamwambia njia ya misafara ilipita Ugogo, na tukaendelea na mazungumzo hayo hadi usiku.

(Kisiwa cha Changuu tulikwenda asubuhi ya kuondoka. Kobe wakubwa wanafurahisha, asili yao Ushelisheli, ila saa moja inatosha.)

Alasiri ile ya siku ya tatu kiongozi alitazama saa akasema, "Mama, maji yanajaa kwenye saa kumi na mbili. Twendeni Forodhani." Tukakuta vijana wa mjini wamejipanga kwenye ukuta wa bahari. Wanarudi nyuma, wanakimbia, wanaruka, wanajipindua hewani, wanazama, wanapanda tena wakichuruzika maji. Moshi wa mishkaki ulikuwa umeanza. Kijana wangu akavua fulana akanitazama. Nikamuuliza kiongozi kina kikoje, akasema kwa maji haya hakuna wasiwasi, arukie pale wanaporukia wao. Mmoja wao akamwita, "Njoo bwana, usitazame chini!" Kijana wangu akanipa simu yake niishike, akarudi nyuma hatua kumi, akakimbia.