Honda Fit ya kizazi cha kwanza: uimara wake na matunzo inayoyadai

Honda iliingiza Fit sokoni mwaka 2001, na katika nchi nyingi nje ya Japani ikaiuza kwa jina la Jazz. Mwaka uliofuata gari hili dogo likaipiku Toyota Corolla, iliyokuwa imeongoza mauzo nchini Japani kwa miaka 33 mfululizo. Magari ya kizazi hicho sasa yanapatikana kwa bei nafuu, na kila anayeyaulizia hupewa onyo lile lile kwamba giaboksi zake hazidumu. Nimeendesha lenye injini ya lita 1.3 kwa miaka mingi na sikubaliani na onyo hilo jinsi linavyotolewa. Hili ni gari la kudumu, ila uimara wake umefungamana na mambo mawili ambayo mafundi wengi huyaruka: oili ya giaboksi na plagi za nyuma.

Mengi ya magari haya yana giaboksi ya CVT, ambamo mkanda wa chuma huzunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana badala ya gia za kuhesabika. CVT hii haina tokokonveta, yaani kile kiungo cha oili kinachounganisha injini na giaboksi katika magari mengi ya otomatiki. Gari linapoondoka, nguvu hupitia klachi maalumu ya kuanzia mwendo, nayo imelowa katika oili ile ile inayohudumia mkanda. Karibu malalamiko yote niyasikiayo yanaanzia kwenye klachi hiyo. Oili ikichakaa, au fundi akitia ATF, oili ya giaboksi za kawaida za otomatiki, kwa kuwa ndiyo iliyo rafuni, klachi hushika na kuachia kwa haraka na gari hutetemeka linapoanza kuondoka. Dalili hiyo hujitokeza zaidi gari likiwa limeshapata moto, hasa kwenye foleni, pale dereva anapoachia breki na kukanyaga mafuta kidogo kidogo.

Honda iliitengenezea giaboksi hii oili yake, HMMF, na sioni sababu ya kubahatisha nyingine. Binafsi siruhusu ipite kilomita 40,000 bila kubadilishwa. Ni vyema pia kujua kwamba kufungua nati ya chini hutoa sehemu tu ya oili, na iliyobaki ndani huchafua ile mpya. Kwa hiyo gari lililotelekezwa linahitaji kubadilishiwa mara mbili au tatu, likiendeshwa kwa muda kati ya zamu moja na nyingine. Mtetemeko ulioanza karibuni mara nyingi hupungua kwa njia hiyo. Ule ulioachwa mpaka klachi ikalika hauponi kwa oili, na muuzaji anayedai vinginevyo hasemi kweli.

Injini yenyewe, hii ya lita 1.3, ni imara sana. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda wa mpira wa kubadilishwa kwa ratiba, na ikipata oili safi kwa wakati haina usumbufu. Upekee wake ni kwamba kila silinda ina plagi mbili, hivyo silinda nne zina plagi nane na koili nane. Nne za mbele zinafikika kwa dakika chache. Nne za nyuma zimejificha nyuma ya injini, karibu na kioo cha mbele, chini ya plastiki ya waipa, na ili kuzifikia ni lazima mikono ya waipa na plastiki hiyo viondolewe. Kazi hiyo si ngumu, ila inachosha, na ndiyo maana nimeona magari ambayo plagi zake za mbele zinang'aa kwa upya huku boliti za koili za nyuma zikiwa zimeota kutu kwa maji yanayopenya kutoka juu. Ubaya ni kwamba plagi moja ikifa, mwenzake katika silinda hiyo huendelea kuwasha mafuta, kwa hiyo injini haitikisiki sana. Gari huwa zito tu, na unywaji wa mafuta hupanda polepole bila mwenye gari kujua sababu. Anayelipia plagi asimame hapo hapo azihesabu zilizotoka: ziwe nane.

Vali zake hurekebishwa kwa mkono, na zile za kutolea moshi zikibana hazipigi kelele, kwa hiyo zipimwe hata kama injini inasikika vizuri. Usukani unasaidiwa na umeme, hivyo hauna oili wala pampu ya kuvuja. Bushi, shokamzoba na pedi za breki ni vitu vya kuchakaa kama katika gari lolote dogo. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, jambo linaloruhusu vikalio vya nyuma kuinuliwa wima na kupakia mzigo mrefu uliosimama. Hakuna gari la ukubwa huu ninalolijua la wakati ule linalotumia nafasi kwa akili zaidi.

Kuna jambo la usalama ambalo halipaswi kuachwa. Magari ya kizazi hiki yaliitwa na kampuni kwa ajili ya marekebisho: mwaka 2010 kwa sababu ya swichi ya madirisha upande wa dereva, iliyoweza kushika moto ikiingiwa na maji, na baadaye kwa sababu ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, iliyoweza kupasuka vibaya inapofunguka. Namba ya chesisi huonyesha kama gari husika limo na kama limesharekebishwa. Mnunuzi aikague kabla ya kutoa fedha, kisha aliendeshe gari hadi lipate moto kabisa, asimame mahali penye mwinuko mdogo na kuondoka taratibu mara kadhaa. Likitetemeka, bei ipunguzwe kwa gharama ya klachi nzima, si ya kubadilisha oili.