Programu ya kutafuta maneno ya Scrabble: imenibeba ila ina kero zake

Jamani sisi hapa Mwanga Kigoma jioni umeme ukikata tunacheza Scrabble barazani, ule mchezo wa kupanga vigae vya herufi kuunda maneno ya Kiingereza, na mimi nilikuwa mtu wa kupigwa kila siku, hasa nikishika Q bila U maana nilijua basi imekula kwangu. Sasa nimepakua programu moja ya bure, unaandika zile herufi zako saba, kama una kile kigae kitupu kinachosimama badala ya herufi yoyote unaweka alama ya kuuliza, inakumwagia maneno yote yanayowezekana. Hapo ndo nikajua kuna QI na QAT!! QI peke yake pointi 11 kwa herufi mbili tu, na ukimaliza vigae vyote saba kwa mkupuo mmoja unaongezewa 50.

Mi siitumii mezani lakini, huo ni wizi, naisoma usiku kitandani kama mtu wa mitihani.

Kero sasa. Matangazo kila ukigusa, yanakula bando balaa. Halafu haisemi inatumia orodha ya maneno ya wapi, juzi nimeweka ZO kwa mbwembwe zote shemeji akafungua kamusi yake ya Kimarekani, haimo, nikatolewa neno watu wakacheka mpaka dagaa zikaungua jikoni. Kumbe ZO inakubalika kwenye orodha ya Collins ya Waingereza, ya Marekani haipo. Waandike basi hata kwa herufi ndogo!

Nawapa nyota tatu na nusu, wakipunguza matangazo naongeza.