Jiko la mkaa la udongo la fundi wa Gerezani: miezi minane jikoni kwangu

Jamani habari zenu. Kuna watu kama watatu wameniuliza kuhusu hili jiko baada ya kuliona kwenye arobaini ya mtoto wa mdogo wangu, nikaona badala ya kuelezea mmoja mmoja niandike hapa mara moja. Ni ndefu kidogo mnivumilie, maana hili jambo la jiko linanigusa kweli, pesa yangu ya mkaa imepotea miaka mingi kwa kutojua tu.

Mimi nakaa Mbagala, Dar es Salaam, nyumbani tupo sita. Gesi ninayo, kale kamtungi ka kilo sita, natumia kwa chai ya asubuhi na kupasha kiporo, lakini maharage na makande na ugali wa mchana siweki kwenye gesi kwa sababu mtungi utakata kabla mwezi haujafika katikati. Kwa hiyo mkaa upo pale pale, na najua wengi mpo hivyo hivyo hata kama mtungi umesimama pale kona ya jiko.

Nianze na nilikotoka. Miaka yote nilikuwa na lile jiko la bati tupu, la elfu tano sita, mnalijua. Ukilikoleza usiku ukazima taa unaliona bati zima limekuwa jekundu pembeni, na mimi nilikuwa nafikiri ule ndio ukali wa jiko kumbe ule ni moto wangu unaotoka nje kupasha hewa, hauendi kwenye sufuria. Mwaka jana nikasema nabadilika, nikanunua duka moja (silitaji) jiko limepakwa rangi nyekundu inang'aa, limeandikwa kabisa linaokoa mkaa, elfu ishirini na tano. Mwezi wa kwanza raha tupu. Mwezi wa pili kile kichungu cha udongo cha ndani kikaanza kucheza, ukikoroga mboga unasikia kinagonga bati, sementi iliyokuwa katikati ikawa inadondoka unga unga kwenye majivu, mwisho kichungu kikapasuka vipande vitatu. Nikarudisha, nikaambiwa umemwagia maji. Sijawahi kumwagia jiko maji mimi, wala hawakutaka kunisikiliza.

Sasa shemeji yangu ndio akanipeleka Gerezani (mtaa wa hapa Dar, sio jela) kwa mzee mmoja anayefua majiko. Nikamwamkia shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamweleza kisa chote, akaniambia nilete hilo jiko lililokufa alione. Nilipompelekea siku ya pili alilipindua, akakwangua sementi kwa kucha, akasema tatizo lako ni hapa. Bati likipata moto linapanuka sana, udongo unapanuka kidogo, sasa wewe katikati ukijaza sementi tupu ngumu kama ya ukuta, lazima kitu kimoja kikubali, na kitakachokubali ni sementi, ikishapasuka kichungu hakina cha kukishika. Yeye anachanganya sementi kidogo na majivu yaliyochekechwa vizuri, mengi, ile kitu inakuwa laini laini inabonyea bila kuvunjika, na pia inazuia joto lisipite kwenda kwenye bati. Kenya wenzetu wanatumia madini fulani mepesi yanaitwa vamikulaiti kwa kazi hiyo hiyo.

Na hapo niseme kitu maana wengi wanafikiri haya majiko yametoka tu hewani. Hili umbo la kiuno chembamba na chini pana lilitengenezwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Maxwell Kinyanjui akiwa mmoja wa waliolichora, na wazo la udongo ndani ya bati lilitoka Thailand ambako walikuwa na jiko lenye umbo la ndoo. Lile la Thailand udongo wake ulishuka mpaka chini, zito, na chini jembamba. Wakaona kwa mpishi wa huku anayesonga ugali lile litapinduka, wakapanua kitako, udongo wakauacha nusu ya juu tu pale mkaa unapokaa, jiko likawa jepesi na bei ikashuka. Alafu kazi wakawaachia mafundi bati wenyewe, wale wa Shauri Moyo kule Nairobi, ndio maana lilisambaa mpaka Uganda, Rwanda na huku kwetu. Mimi hiyo ndio naiita akili, kwamba mtu alikaa akaangalia mwanamke anavyosonga ugali kabla ya kukata bati.

Haya, turudi kwenye jiko langu. Nililipa elfu kumi na nane, saizi ya kati. Fundi alinipa sharti moja: mara ya kwanza niwashe moto mdogo, mkaa kiganja tu, uwake uishe wenyewe, nirudie siku tatu hivyo kabla sijapika kitu kikubwa. Nikafanya. Kuna unyevu unabaki kwenye udongo na ule mchanganyiko, ukiukurupusha na moto mkali unapasua kichungu siku ile ile.

Kuhusu mkaa, hapa nimepima kabisa, sisemi kwa kukisia. Nilichukua maharage kilo moja, nimeyaloweka usiku, sufuria ile ile na mfuniko ule ule, mkaa wa gunia moja nikapima kwa mzani wa jirani mwenye duka. Jiko la bati tupu maharage yaliiva kwa mkaa kilo moja na robo tatu. Hili la udongo, kilo moja na kidogo, kama gramu hamsini juu. Nikarudia mara tatu kwa siku tofauti na haikubadilika sana. Yaani kama asilimia arobaini imebaki mfukoni. Ukisoma kuhusu haya majiko utakuta wanasema kuokoa robo mpaka nusu, kwa hiyo langu halijatoka nje ya hapo. Sado ya mkaa (lile kopo la kupimia) iliyokuwa inaisha siku mbili sasa naingia nayo siku ya tatu na jioni yake napikia. Ila mkaa wenyewe nao una mambo, ukiuziwa wa mwembe au mkorosho unaisha kama karatasi hata jiko liwe la dhahabu, huu niliopimia ulikuwa mzito wa miti migumu ya porini.

Joto la pembeni sasa. Dakika ishirini baada ya kukoka nimeweka kiganja kwenye bati la nje, kuna joto lakini hauungui, ni kama umeshika kikombe cha chai. Mwanangu wa pili ana kovu la jiko la zamani kwenye shavu la mguu, kwa hiyo kwangu mimi hii peke yake ilitosha kulipa ile elfu kumi na nane.

Alafu kuna kile kimlango cha chini cha hewa, watu wanakidharau sana na ndio kitu kinachofanya kazi kubwa. Kwenye jiko langu lililokufa kile kimlango kilikuwa pambo tu, kimekatwa kikubwa kuliko tundu lake hakifungi mpaka mwisho. Hiki cha huyu mzee kinafunga ndi. Maharage yakishachemka nafunga nabakiza upenyo wa kidole kimoja, mkaa unatulia unaiva polepole saa nzima bila kuongeza. Nikimaliza kupika nafunga kabisa, juu nafunika na sufuria kuukuu, mkaa unajizima, kesho yake nawashia ule ule. Nimeacha habari za kumwaga mkaa chini na kuurushia maji. Ukinunua jiko lolote hata kama sio la huyu fundi, fungua na funga kile kimlango mara tano hapo hapo dukani, kikikwama au kikiacha mwanya mkubwa weka chini uondoke.

Na uchungulie sahani ya matundu pia. Matundu yakiwa machache jiko linazubaa, yakiwa makubwa mkaa mdogo unadondoka kwenye majivu ungali mzima, ni hela unachota na majivu unaenda kutupa. Langu kidole changu kidogo kinaingia kwenye tundu mpaka kwenye ukucha, na yako mengi, kwa mkaa wa kawaida liko sawa kabisa. Kwa mkaa mbadala, ule wa vumbi la mkaa uliofinyangwa, haliko sawa sana. Ule una majivu mengi na yanakaa pale pale yameshika umbo, matundu yanaziba, baada ya dakika arobaini moto unafifia inabidi kuchokonoa kwa waya. Nimemwambia fundi, amesema kwa mtu anayetumia mkaa mbadala kila siku atamtobolea matundu mapana zaidi, kwa hiyo mseme mapema.

Sasa mabaya yake, maana sitaki mtu aende akarudi ananilaumu. La kwanza linachelewa kushika. Udongo unakunywa joto kwanza, kwa hiyo kama unataka chai ya haraka haraka mtoto anawahi shule utaona jiko halikujali, dakika kama kumi na tano mpaka ishirini ndio linakolea, lile la bati lilikuwa linawahi. Kwa kitu cha muda mfupi halifai, kwa kitu cha muda mrefu ndio mahali pake. Na usilijaze mkaa mpaka juu ukidhani utaharakisha, sufuria itaukandamiza mkaa, hewa haipiti, unapoteza mkaa na muda vyote.

La pili ni vile vijino vya kuwekea sufuria. Viko vitatu, vimekaa mbali mbali, sufuria kubwa inakaa vizuri lakini kasufuria kadogo ka uji wa mtoto kanaangukia ndani. Nilikuwa naweka vipande viwili vya nondo juu ili kashike. Na vijino vyenyewe ni virefu kidogo kuliko ningependa, sufuria inakaa juu mno ya mkaa, moto unatokea pembeni. Nikajaribu kuzungushia sufuria kipande cha bati, kimeacha nafasi ya kama upana wa kidole kuzunguka, na hapo maji ya ugali yaliwahi kuchemka waziwazi, nikaona kumbe joto lote lile lilikuwa linapanda bure.

Ugali wenyewe, jiko halitikisiki. Nimesonga ugali wa kilo mbili siku ya wageni, nimekanyaga kile kitako kwa mguu mmoja kama kawaida yetu, halikusogea. Mikono ya kubebea ndio ya bati tupu, inapata moto, ukitaka kulihamisha tafuta kitambaa, nimeweka na vishikio vya mbao mwenyewe kwa waya.

Kuna jambo lingine na hili naomba mlisome taratibu. Mwezi wa nne mvua zile zilizonyesha siku nne mfululizo nilipikia ndani, dirisha nimefunga maji yasiingie, na kimlango cha jiko nimekibana ili maharage yaive polepole. Hakukuwa na moshi hata kidogo, jiko safi kabisa. Baada ya muda kichwa kikaanza kuuma kama kimefungwa kamba, mwanangu mdogo akasema mama nataka kulala na ilikuwa saa kumi jioni. Nikashtuka nikatoa jiko nje nikafungua kila kitu, tukakaa barazani mpaka tukapata nafuu. Ile ni kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mkaa unaitoa hata kama jiko ni zuri kiasi gani, na ukibana hewa ndio inazidi. Hili jiko limepunguza mkaa ninaounguza lakini halijaondoa ile sumu. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo kama milioni 3.2 vya mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani, na sehemu kubwa inatokea kwenye majiko kama haya ya kwetu na mafiga. Kwa hiyo jamani pikieni barazani, au mlango na dirisha vyote wazi, na msilale na jiko ndani hata iwe baridi ya Lushoto. Nimeona mtu anauza jiko la udongo anasema ni salama kulala nalo, hapana, hapana kabisa.

Najua serikali ina mkakati kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na mimi natamani tufike, siku gesi au umeme wa kupikia ukiwa ndani ya uwezo wangu kwa sufuria ya maharage nitahamia bila kuangalia nyuma. Lakini leo jioni watu wanapika kwa mkaa, na fundi anayefunga kimlango vizuri na kuchanganya majivu kwenye sementi anawasaidia leo hii.

Baada ya miezi minane kichungu kina ufa mmoja mwembamba kama unywele, haujaongezeka tangu mwezi wa tano, na fundi amesema kikichoka anabadilisha kichungu peke yake kwa elfu tano bati linabaki lile lile. Kwa nyota tano nampa nne. Ile moja nimeibakiza kwa ajili ya vijino, nimeshamweleza na juzi nilipompeleka mdogo wangu kuchukua la kwake, fundi alimwambia arudi kesho yake na sufuria zake mbili, ndogo na kubwa, akazipima hapo hapo na kumwekea vijino sita, vitatu vya ndani vifupi. Kwa hiyo ukienda beba sufuria zako.