TRex na Open vSwitch kwa seva mbili za mtumba: uzoefu wangu

Nimekaa na hii TRex, programu ya kurusha trafiki ya kupima swichi, wiki tatu sasa hapa ofisini Ngong Road, wacha niandike kabla sijasahau uchungu. Kazi ilikuja hivi: mkubwa alisoma mahali kwamba swichi ya programu, yaani ile inakaa ndani ya seva ikigawia VM (kompyuta za kuigiza) mtandao, inapitisha giga 10 kwa sekunde bila jasho, akataka tuweke wateja juu ya Open vSwitch, moja ya hizo swichi, wiki hiyo hiyo. Nikamuuliza, giga 10 ya pakiti gani? Akaniangalia tu.

Maana hapo ndio watu huchezewa. Ukituma pakiti (vipande vya data) kubwa za baiti 1518, laini ya giga 10 inajaa na pakiti kama 812,000 hivi kwa sekunde, hiyo hata mashine mzee inajikaza. Shusha hadi baiti 64 na laini ile ile sasa inabeba pakiti milioni 14.88 kwa sekunde, ni kama nanosekunde 67 tu halafu nyingine iko mlangoni, na kila moja lazima isomwe na iamuliwe inaenda wapi, iwe kubwa iwe ndogo.

Sasa TRex yenyewe. Ni ya bure, ilitoka Cisco, unaishusha unaifungua unaanza, hakuna mambo ya kukompaili. Kuna skripti ya dpdk_setup_ports.py, ukiipatia -i inakuuliza maswali halafu inakuandikia /etc/trex_cfg.yaml, hapo nawapa heko. Zamani kurusha trafiki hivi ulihitaji sanduku maalum la bei ya gari, mimi nilitumia seva ya mtumba na kadi ya Intel X520 yenye milango miwili. Kilichonitesa ni kebo. Nilizunguka Luthuli yote nikiuliza kebo ya SFP+ (ile ya milango ya giga 10) napewa HDMI, mpaka jamaa yangu anafanya kazi na seva huko Mombasa Road akaniazima mbili.

Kitu ya kwanza kabla hujagusa swichi, chomeka mlango mmoja wa TRex kwa mwingine, moja kwa moja, urushe baiti 64 uone kama zote zinarudi. Mimi niliruka hiyo hatua nikapoteza siku mbili nikilaumu Open vSwitch, kumbe ni mashine yangu ya kurusha ndio ilikuwa inalala, BIOS bado iko kwa mpangilio wa kuokoa umeme. Nikazima hiyo, nikaweka gavana ya CPU (ile inapanga kasi yake) kwa performance, nikatenga kori (viini vya prosesa) na isolcpus ili zisipewe kazi nyingine, zikaanza kurudi zote.

Open vSwitch ya kawaida ile inapitia kerneli (moyo wa Linux), kori moja, baiti 64, kwangu haikufika pakiti milioni 2. Usishtuke. Ukienda upande wa DPDK, yaani programu inachukua pakiti kwa kadi yenyewe bila kupitia kerneli, ndio unaona mambo, lakini lazima utenge zile kurasa kubwa za RAM mapema (mimi niliweka za giga 1 kwa GRUB pamoja na intel_iommu=on), ufunge kadi kwa vfio-pci (draiva ya kuipa DPDK kadi), uweke dpdk-init=true, halafu pmd-cpu-mask, ile inasema kori gani zishughulikie pakiti. Hiyo mask ndio ilinimaliza. Seva iko na prosesa mbili, kadi imechomekwa upande wa NUMA 0 (prosesa moja na RAM yake), mimi nikapatia kori za upande wa 1, kila pakiti inavuka daraja, namba ikashuka karibu nusu. Haikatai, inaandika onyo tu kwa logi ambayo sikuisoma, halafu inafanya kazi polepole. Niligundua nikisoma numa_node ya kadi chini ya /sys, ikasema 0, nikacheka peke yangu.

Na usipime na mtiririko mmoja tu wa trafiki. Hiyo Open vSwitch iko na kashe (kumbukumbu ya haraka ya maamuzi) ndogo ya nafasi 8192, ukirusha IP moja kwenda IP moja kila kitu kinakaa humo na namba inapendeza sana, mkubwa anafurahi. Rusha mitiririko laki moja uone. Kwa TRex ni rahisi, ile bench.py inakuja nayo unaipatia size=64 na vm=tuple, halafu unaandika tui unaangalia pakiti zikidondoka laivu. Hiyo skrini naipenda kabisa.

Kero yangu kubwa ni muda. Ukifuata RFC 2544 ya mwaka 1999, ule mwongozo wa kupima vifaa vya mtandao, jaribio la mwisho la kila saizi ni sekunde 60 kwenda juu, na saizi ni saba kutoka 64 hadi 1518, na unatafuta ile kasi ambayo haidondoshi hata pakiti moja kwa kugawanya nusu, nusu, nusu. Stima ikipotea katikati unaanza upya. Ilipotea mara mbili. Sasa nahifadhi kila jibu kwa faili na skripti ya Python, API yao (njia ya kuiamrisha kwa kodi) iko sawa.

Halafu kijana wetu wa atachi. Nimeenda lanchi nimeacha inakimbia, narudi ananiambia kwa heshima zote, "Bosi, kulikuwa na kitu imehang, imeshika CPU asilimia mia, nimeiua." Sasa utamwambia nini? Kori za DPDK huwa asilimia mia saa zote, hata kama hakuna pakiti hata moja inapita, ndivyo zinavyofanya kazi, zinauliza kadi "iko kitu? iko kitu?" bila kupumzika. Hakujua, na mimi sikumwambia.

Saa hii nimefika ile ya pakiti kuingia kwa VM na kutoka tena, hapo namba imeshuka sana na bado sijamwonyesha mkubwa. Kwa skrini ya seva nimebandika karatasi: CPU 100% NI KAWAIDA, USIUE.